Kifaa ni Mtunzaji: Simu, Sola na Daftari Katika Kazi za Parokia

Maneno haya yalitolewa mbele ya wanakamati wa parokia waliokutana Igwachanya, wilaya ya Wanging'ombe. Tumeyachapa ili kamati ambazo hazikuwakilishwa, pamoja na wafadhili wetu, wapate kuyasoma na kuyajadili.

  

 Tumeombwa tuzungumze juu ya vifaa vya kisasa, yaani simu, kompyuta, sola, kamera na vinginevyo tunavyovitumia kila siku. Tunalipokea ombi hili kwa furaha, kwa sababu katika idara yetu wamo watu wanaopenda sana vifaa hivi. Mkitutembelea ofisini mtakuta meza imejaa chaja, bisibisi ndogo, kadi za kumbukumbu na simu zilizofunguliwa mgongo. Hatuji basi kuwaambia kwamba vifaa ni vibaya. Tunakuja kama watu wanaovipenda na wanaojua tabia zao.

Tabia yenyewe ni hii. Kila kifaa, kiwe kidogo au kikubwa, kinadai vitu vitatu kila siku: umeme, fundi, na mtu mwenye kazi ya kukifanyia. Kikikosa kimojawapo, hugeuka mzigo kabatini. Katika maombi ya miradi yanayotufikia tunaona orodha ndefu za vifaa na bei zake, lakini mara chache tunaona jina la mtu atakayekichaji, atakayekipeleka kwa fundi, na atakayeandika kilichofanyika. Hilo ndilo tunalotaka tulizungumze leo.

Somo tunalolijua tayari

Watu wa Wanging'ombe hawahitaji mgeni wa kuwafundisha jambo hili. Katika wilaya hii upo mradi mkubwa wa maji ya mtiririko uliojengwa kwa msaada wa UNICEF. Wazee mlioko hapa mnajua kwamba siku bomba linapofukiwa na maji kutoka kwa mara ya kwanza, hapo kazi haijaisha, bali imeanza. Nani atafunga koki? Nani ataziba panapovuja? Nani atapita kuchangisha, na fedha zitakaa kwa nani? Kijiji kinachoyajibu maswali hayo kina maji. Kisichoyajibu kina bomba tu.

Simu na kompyuta ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba bomba likikauka kijiji kizima kinaona na kusema, lakini kompyuta ikifa ndani ya ofisi iliyofungwa, wanaojua ni watu wawili, nao hawasemi.

Tukumbushane pia jinsi mambo yalivyobadilika kwa muda mfupi. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na intaneti ambayo zamani ilitegemea zaidi setilaiti ikaanza kuenea. Mwaka 2012 mkoa wetu wa Njombe ulianzishwa kwa kumegwa kutoka Iringa, na Igwachanya ikawa makao makuu ya wilaya ya Wanging'ombe. Mwaka 2018 laini kubwa ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako kwenda Songea, iliyojengwa kwa ufadhili wa Sweden, ilikamilika. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, nao umekuwa ukipeleka nguzo vijijini tangu ulipoanza kazi mwaka 2007.

Kwa hiyo hatuzungumzi juu ya mambo ya mijini. Pale Makambako, zinapokutana barabara ya Mbeya, barabara ya Songea na reli ya TAZARA, mtu ananunua simu, paneli au betri asubuhi na kuwa nayo kijijini jioni. Kununua kumekuwa rahisi. Kutunza ndiko kumebaki kugumu.

Kitochi hakijafa

Tuanze na kifaa kidogo kuliko vyote. Vijana wanakicheka kitochi, lakini sisi tunakiheshimu. Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ilitoa simu ya aina ya 1100. Ilikuwa na tochi kichwani, na batani zake zilifunikwa ili vumbi lisiingie. Haikuwa na kamera wala intaneti. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na kwa hesabu hiyo ni miongoni mwa vifaa vya umeme vilivyouzwa kwa wingi kuliko vyote. Sababu yake mnaijua: chaji inakaa siku kadhaa, betri inatolewa kwa kidole na kuwekwa nyingine, na karibu kila fundi wa sokoni anaifahamu.

Je, kifaa kama hicho kinaweza kufanya kazi kubwa? Hapa hapa Tanzania tunao ushahidi. Kati ya mwaka 2009 na 2010 Wizara ya Afya pamoja na wadau wake walijaribu mpango ulioitwa SMS for Life katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Tatizo lilikuwa kwamba mgonjwa wa malaria anafika zahanati na kukuta dawa zimekwisha, huku ofisi ya wilaya haina habari. Hawakuleta kompyuta. Walitumia simu za kawaida za wahudumu wenyewe. Kila Alhamisi mhudumu alipokea ujumbe wa kumtaka ahesabu dawa, naye alijibu kwa ujumbe mfupi usio na gharama kwake. Aliyejibu kwa wakati alipata muda kidogo wa maongezi. Asiyejibu alikumbushwa.

Mpango ulihusisha vituo 129 na ulidumu wiki 21. Mwanzoni vituo visivyo na dawa mseto ya malaria hata dozi moja vilikuwa asilimia 26. Mwishoni walishuka hadi chini ya asilimia 1.

Ndugu wanakamati, tazameni kilichofanya kazi hapo. Simu zile zilikuwepo vijijini hata kabla ya mpango. Kilichoongezwa ni siku maalumu ya juma, swali moja lililo wazi, mtu anayewajibika kulijibu, na mtu wa upande wa pili anayesoma jibu na kupeleka dawa. Kamati ya parokia inaweza kufanya hivyo hivyo kwa gharama ndogo sana. Kila Ijumaa katibu wa kigango atume ujumbe mmoja: wagonjwa wanaohitaji kutembelewa ni wangapi, magunia ya mahindi yaliyo ghalani ni mangapi, watoto wa chekechea waliofika ni wangapi. Anayepokea aandike katika daftari. Baada ya miezi mitatu kamati itakuwa na taarifa ambayo mradi wenye kompyuta tano unaweza usiwe nayo.

Hesabu ya sola

Sasa tuje kwenye umeme. Wengi wetu tunanunua sola kwa kutazama ukubwa wa paneli na uzuri wa balbu. Tufanye hesabu pamoja, ni ya kujumlisha na kutoa tu.

Tuseme parokia imenunua paneli ya wati 50. Tuhesabu saa 4 za jua zuri kwa siku. Wati 50 mara saa 4 ni wati-saa 200. Lakini robo hivi hupotea njiani, kwenye waya, kwenye betri na kwenye inveta. Zinabaki kama wati-saa 150. Kwa wale wenye Luku, yuniti moja ni wati-saa 1,000. Kwa hiyo paneli hiyo inakupa chini ya sehemu moja ya sita ya yuniti kwa siku.

Sasa tutumie. Kompyuta ndogo ya mapajani inayokula wati 40, ikiwashwa saa 3, inamaliza wati-saa 120. Zimebaki 30. Simu ya kupangusa inakula karibu 20 ili ijae. Zimebaki 10, ambazo ni vitochi viwili. Balbu ya wati 5 ikiwashwa saa 4 ingehitaji 20 nyingine, nazo hazipo. Taa ya ofisi haina kitu.

Bado hatujahesabu ukungu. Sisi wa mkoa wa Njombe tunajua Juni na Julai zilivyo, hasa ukipanda kwenda Njombe mjini na Lupembe. Siku zile saa 4 za jua zinaweza kuwa 2.

Mtu asiyefanya hesabu hii hufanya nini? Analazimisha. Anaikamua betri mpaka taa inafifia, kila siku. Betri hizi za risasi na asidi, kama zile za gari, hazipendi kukamuliwa. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 50 imeandikwa wati-saa 600, lakini ili idumu usiitumie zaidi ya nusu, yaani 300. Ukivuka nusu kila siku unaifupishia maisha sana, na hapo mradi unasemekana umekufa, kumbe kilichokufa ni betri tu. Paneli bado iko juu ya paa inazalisha umeme usio na pa kukaa.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, andikeni kwenye karatasi kila kifaa, wati zake na saa zake, kabla ya kununua paneli. Pili, wekeni kidhibiti chaji, na fundi awaonyeshe taa zake zinasema nini. Tatu, fungueni mfuko wa betri tangu mwezi wa kwanza. Parokia nyingi zina watu wanaochaji simu kwa ada ndogo. Fedha hizo zisiingie kwenye chai ya kikao. Ziwekwe kwa ajili ya betri ijayo, kwa sababu betri ijayo lazima itahitajika. Nayo iliyokufa isitupwe shambani wala kupasuliwa na watoto, maana risasi ni sumu. Wapo wanunuzi wa betri chakavu; iuzwe, na fedha zirudi katika mfuko.

Kompyuta za msaada

Hapa tunaomba wafadhili wetu watusikilize kwa upendo. Kompyuta iliyotumika inaweza kuwa baraka, na inaweza kuwa takataka iliyolipiwa nauli. Maswali machache ndiyo yanayotofautisha.

Swali la kwanza ni la umeme. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230. Marekani wanatumia kama volti 120. Kifaa kilichotoka huko na kuandikwa volti 120 peke yake, kikichomekwa hapa kitaungua papo hapo. Chaja nyingi za kompyuta za mapajani na za simu zimeandikwa 100 hadi 240, nazo hazina shida. Kwa hiyo kabla ya kuchomeka chochote, geuza chaja usome maandishi madogo. Kazi hiyo ni ya dakika moja.

Swali la pili ni la programu. Kampuni ya Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11, na ndiyo maana ofisi nyingi za nje zinaziondoa na kutafuta mahali pa kuzipeleka. Kompyuta hiyo itawaka, lakini isipopata marekebisho ya usalama inazidi kuwa dhaifu mbele ya virusi, hasa sisi ambao tunabadilishana mafaili kwa flashi kutoka ofisi hadi ofisi. Ipo njia: kuweka mfumo huria wa Linux, ambao hauna ada. Lakini lazima awepo mtu wa kuuweka na kuufundisha.

Katika hilo Watanzania si wageni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, na mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye maelekezo kwa Kiswahili. Wataalamu wetu walikaa wakatafuta maneno ya Kiswahili ya kila kitufe. Tunalitaja hili ili vijana wetu wajue kwamba kompyuta haikuumbwa izungumze Kiingereza tu, na kwamba kazi ya kuifundisha Kiswahili ilifanywa na watu wa hapa.

Swali la tatu ni la fundi. Ikiharibika, itapelekwa wapi? Kama jibu ni Dar es Salaam, basi bei ya kifaa hicho si ile iliyoandikwa kwenye ankara. Ongeza nauli, malazi na siku za kungoja. Kifaa ambacho fundi wa Makambako au Njombe anakijua, na vipuri vyake viko dukani, ni bora kuliko kizuri zaidi ambacho hakuna anayekijua.

Na kwa wanaonunua wenyewe minadani: msinunue bila risiti. Mwezi Juni mwaka 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizizima simu bandia nchi nzima, na watu wengi walibaki na vipande vya plastiki mikononi. Kabla hujatoa fedha bonyeza *#06#, uone kama namba inayotokea inafanana na ile iliyo kwenye kasha na ndani ya simu.

Fedha ndani ya simu

Jambo hili ni zito, na tunaomba watunza hazina walisikilize kwa makini.

Siku hizi michango mingi inapita kwenye simu. Ni jambo jema, kwa sababu mtoto wetu aliyeko Dar es Salaam au Mwanza anaweza kuchangia paa la kanisa bila kusafiri. Lakini laini ya simu ina mwenyewe. Inasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA cha mtu mmoja. Mtunza hazina akihama, akistaafu, au Mungu akimchukua, fedha za parokia ziko ndani ya laini ambayo kisheria ni ya kwake. Familia yake nayo inaingia katika majonzi na maswali kwa wakati mmoja. Hatusemi kwamba yeye ni mwizi. Tunasema tumemweka mahali ambapo hata mwaminifu hawezi kujitetea.

Kwa hiyo parokia isajili laini au namba ya malipo kwa jina la taasisi. Namba ya siri isijulikane na kila mtu, na kutoa fedha kuhitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja, ikiandikwa na kutiwa saini. Kila mwisho wa mwezi taarifa ya miamala isomwe kikaoni, namba kwa namba, na kulinganishwa na daftari.

Tujihadhari pia na matapeli. Ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" umewaliza wengi. Unafanikiwa kwa sababu unafika siku ambayo kweli unadaiwa na mtu. Dawa yake si ujanja, ni utaratibu: parokia haitumi fedha kwa namba mpya mpaka mwenyewe apigiwe kwa namba ya zamani na kusikika sauti yake. Ukipokea ujumbe wa kitapeli, upeleke kwenye namba 15040 ya TCRA. Na kila mmoja wetu abonyeze *106# aone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukikuta laini usiyoijua, nenda kaifute mapema.

Tuandike habari zetu wenyewe

Sasa tuje kwenye kazi ambayo sisi tunaipenda kuliko zote, nayo ni kuandika.

Mwaka 2004 Mtanzania mmoja aliyekuwa akiishi Marekani, Ndesanjo Macha, alianza kuandika kwenye intaneti kwa Kiswahili kitu alichokiita Jikomboe. Ni miongoni mwa blogu za kwanza kabisa za Kiswahili. Mwaka uliofuata mpiga picha Issa Michuzi naye akaanza yake, na Watanzania waliotawanyika duniani wakaanza kuona harusi, misiba na mikutano ya nyumbani kila siku. Wengi walifuata. Hawakuwa na mitambo ya gazeti. Walikuwa na kompyuta moja, kamera moja, na tabia ya kukaa chini kila siku na kuandika walichokiona.

Jina lile Jikomboe linatugusa sisi wa miradi ya maendeleo. Kwa miaka mingi habari za vijiji vyetu zimeandikwa na wageni wanaokaa siku mbili. Wanaandika walichokiona, na walichokiona ni umaskini, kwa sababu ndicho walichokifuata. Hawaandiki kwamba kikundi cha akina mama kimeweka na kukopa miaka sita bila mtu kukimbia na fedha. Hilo halionekani kwa siku mbili. Linaonekana kwa aliyekuwepo miaka sita, naye hakuandika.

Hatuwaambii kila parokia ifungue blogu. Kuchapisha kwenye mtandao kuna masharti yake. Mwaka 2018 serikali ilitoa kanuni zilizomtaka mwenye blogu awe na leseni, na ada za mwanzo zilifika jumla ya shilingi milioni 2.1. Kanuni hizo zimefanyiwa marekebisho tangu wakati huo, kwa hiyo anayetaka kuchapisha aulize kwanza TCRA. Lakini kuandika hakuhitaji leseni. Daftari la kurasa mia mbili na simu moja vinatosha.

Tunapendekeza kila parokia iwe na mwandishi wa kumbukumbu, kijana au mtu mzima, mwanamke au mwanamume, anayependa kazi hiyo. Afanye mambo haya:

Aandike kila juma ukurasa mmoja: nini kilifanyika, wapi, tarehe gani, nani walikuwepo, nini kilishindikana. Kilichoshindikana ni muhimu kuliko kilichofanikiwa, maana hicho ndicho kamati ijayo itakachokihitaji.

Apige picha chache, na kila picha iandikwe siku hiyo hiyo: ni nani, ni wapi, ni lini. Picha isiyo na maelezo baada ya miaka mitano ni picha ya watu wasiojulikana.

Arekodi sauti za wazee. Simu ya kawaida ya kupangusa inarekodi vizuri kama utaiweka karibu na mdomo na mbali na upepo. Wapo wazee hapa wanaojua nani alitoa ardhi ya kanisa, mpaka uko wapi, na kisima kipi hakikauki. Wengine wanaisema kwa Kibena safi ambacho wajukuu wao hawakisikii tena. Kumbukumbu hizo zinaweza siku moja kumaliza kesi ya kiwanja.

Atunze nakala mbili, mahali pawili. Simu huibiwa, kadi ya kumbukumbu hufa bila kuaga, na daftari hupigwa na mvua. Nakala moja ikae parokiani na nyingine jimboni au dayosisi.

Sasa kuhusu picha za watoto. Wafadhili wetu wapendwa, tunajua kwamba picha ya mtoto mwenye machozi inaleta fedha. Lakini tangu Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, iliyotungwa mwaka 2022, na sheria hiyo inazipa taarifa za watoto uzito wa pekee. Hata kama isingekuwepo, mtoto huyo atakua. Akiwa na miaka ishirini ataomba kazi, na picha yake akiwa hana shati, pamoja na jina lake na habari kwamba wazazi wake walikufa kwa ugonjwa fulani, bado itakuwa inazunguka. Kwa hiyo hatutatuma picha ya mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi iliyoandikwa, na hatutaweka jina lake kamili wala ugonjwa wake. Tunawaomba msitudai picha za namna hiyo kama sharti la msaada. Dai taarifa. Dai daftari. Hayo tutawapa kwa moyo mweupe.

Tunachoomba

Tumalizie kwa maombi yetu, upande huu na upande ule.

Kwa kamati za parokia: ombi la kifaa lisitufikie tena bila majibu ya maswali manne. Kitachajiwa kwa nini, na hesabu ya wati-saa iko wapi? Fundi wake ni nani, na yuko umbali gani? Nani amekabidhiwa, na akiondoka anapokea nani? Kazi yake ya kila juma ni ipi? Karatasi moja inatosha. Kamati itakayoshindwa kuyajibu isikate tamaa, ila ijue kwamba kinachohitajika kwanza ni mtu, kifaa kitafuata.

Tunaomba pia msiwasahau vijana wenu wanaopenda vifaa. Katika kila kijiji yupo kijana anayefungua redio za watu na kuzifunga, pengine anabaki na skrubu mbili mkononi. Wazee humwita mharibifu. Mpeni nafasi. Mnunulieni seti ya bisibisi na mashine ndogo ya kulehemu waya, mpelekeni VETA kama uwezo upo. Parokia yenye fundi wake mmoja imepata zaidi ya parokia iliyopewa kompyuta tatu.

Kwa wafadhili: tunawashukuru kwa moyo wenu. Tunaomba bajeti ya kila kifaa iwe na mistari miwili zaidi, wa betri na matengenezo, na wa mafunzo. Mistari hiyo haipigiki picha, hatuwezi kuibandika kibao chenye jina la mfadhili, lakini ndiyo inayofanya kifaa kiwe hai mwaka wa tatu. Na kabla ya kutuma kitu kwa meli, tuulizeni kama kinapatikana Makambako. Mara nyingi kinapatikana, na fedha ile ile itamlipa mwenye duka wa hapa, ambaye kikiharibika tutamrudia.

Tukirudi kwenu tutakapokuja kukagua miradi, hatutaanza kwa kuuliza kompyuta iko wapi. Tutaomba kuona daftari la kumbukumbu, kitabu cha miamala na mfuko wa betri. Vitu hivyo vitatu vikiwepo, tunajua vingine vyote vinafanya kazi.